Kelele za Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaondoka asubuhi, mvua ikaanza mchana. Naandika kwa sababu haya mambo nikiyasimulia kwa mdomo nayachanganya, nadandia la tatu kabla sijamaliza la kwanza.

Ilikuwa hivi. Baba ni fundi cherehani. Chumba cha mbele, kile kinachofunguka barabarani, ndicho anachoshonea, sisi tunakaa vyumba vya nyuma. Dada yuko chuo, kule kilimani ng'ambo ya bonde, na wote tulijua anasoma uhasibu. Baba alishamkatia mpaka suti ya ofisini. Jana akaja mteja kuchukua suruali yake, akasema fundi hongera, binti yako nimemsikia kwenye redio ya chuo, sauti anayo huyo. Baba akamwambia umemfananisha. Mteja akasema nimfananishe vipi, na kajitaja jina, na kakutaja mpaka wewe na cherehani yako?

Dada, aliyekuwa kaja wikiendi, akaulizwa. Kumbe uhasibu aliacha tangu muhula uliopita. Anasoma utangazaji. Hakumwambia mtu, hata mimi, na mimi ndiye ninayemtengenezea simu.

Baba hakufoka. Bora angefoka. Aliichukua ile futi yake ya kupimia, akaisokota kidoleni, akaisokotoa, akaisokota tena. "Nenda kaongee huko unakoongea," akasema. "Humu ndani sauti yako nisiisikie."

Basi. Leo asubuhi dada kafunga begi, kamkumbatia Mama, kapita mlango wa nyuma ili asipite mbele ya Baba. Suti imebaki ukutani kwenye hanga, haina mkono mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata! Nilizungusha redio yangu ndogo tangu saa tisa. Saa kumi na moja kasoro akatokea kijana mmoja anakariri kama yuko mbele ya mwalimu: mnaweza kutusikiliza kwa njia nne, kwenye redio tisini na moja nukta tatu, mtandaoni, kwenye programu ya simu, au kwenye spika za bwalo la chuo. Halafu saa kumi na moja kamili, dada. Yeye mwenyewe! Safi kabisa, kama yuko nyuma ya pazia.

Mama alikuwa anakoroga sufuria, akasimama na mwiko juu. Tulifungua kidogo sana, maana Baba yuko mbele. Dada alizungumza na wanafunzi wanaotoka madarasani, akawachekesha, akapiga muziki. Saa nzima. Kipindi ni chake kila Jumanne na Ijumaa.

Mama akasema, "Angalau anaongea kama mtu aliyekula."

Nimemtumia dada meseji kwamba Mama kasikia. Kajibu: "Na Baba?" Nikamwambia bando limeisha.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimepanga vitu vyangu. Mimi sikusomea haya, shule iliniishia kidato cha nne. Nimejifundisha kwa redio za watu zilizokufa, na video za simu ambazo nazisimamisha kila baada ya sentensi. Sasa nina meza yangu barazani kwa Cheche, jirani anayechomelea mageti, natengeneza simu na redio na kila kinachonijia. Leo nimetupa takataka nyingi, pamoja na ile redio yangu ya kwanza kabisa niliyoiunda kwenye mkebe wa biskuti, ya transista moja. Ilikuwa inashika stesheni ukiishika, ukiiachia inasahau. Nimeitia kwenye kapu la vipande vya nguo la Baba, linalokwenda jalalani.

Ijumaa, 7 Machi

Kelele. Kijana wa njia nne alisikika vizuri. Dada alipoanza tu, shshshsh, kama mtu kamwaga samaki kwenye mafuta ya moto. Sauti yake iko ndani yake, mbali, unashika neno moja unapoteza matano. Saa kumi na mbili muziki wa mwisho, kelele zikakatika kama zimezimwa.

Itakuwa ni mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepanda juu ya bati, nimefunga waya mrefu kutoka kwenye bomba mpaka kwenye mti wa kuanikia nguo. Kutoka pale juu mnara wa chuo unauona kabisa na taa yake nyekundu. Yaani tunatazamana nao! Cheche kaniita kutoka chini, we fundi wa hewa, ukianguka udondokee upande wenu, huku kuna vyuma.

Jumanne, 11 Machi

Waya mpya, kelele zile zile. Zaidi, hata. Na leo mvua haikunyesha. Sielewi.

Mama kasogeza sikio mpaka likagusa redio. Aliambulia neno "jamani" na kicheko. Kaosha vyombo mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshika mtu. Nadhani.

Mashine ya kuchomelea ikiwaka, redio zote za mtaa zinakohoa, hilo nalijua. Na Cheche mwaka juzi alimwambia dada kwamba anataka kuja kujitambulisha nyumbani, dada akamwambia aanze kwa kunawa mikono. Mtu anaweza kuweka kinyongo. Saa kumi na moja anachomelea, saa kumi na mbili anafunga. Mahesabu yanakubali.

Jumanne, 18 Machi

Hayakukubali. Nilikwenda kumkabili Cheche, nikamwambia mchezo wako nimeujua. Akanitazama, akavua miwani ile nyeusi, akachomoa waya wa mashine ukutani, akaukalia. Akasema haya, mimi huyu hapa, nimekalia umeme wote, washa hicho kiredio chako.

Nikawasha. Kijana wa njia nne, safi. Dada, shshshsh.

Cheche akacheka mpaka akakohoa. Akasema mimi kwanza dada yako nilishamsahau, nina mchumba upande wa sokoni, mikono nanawa. Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa: "Kikulacho ki nguoni mwako. Na nyinyi nyumba yenu ndiyo ya nguo."

Alikuwa anatania tu. Lakini nilipokuwa barazani kwake kelele zilikuwa ndogo kuliko kule kwetu. Kwa nini?

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimetumia njia ya pili, mtandao. Nimenunua bando, nikampa Mama hedifoni sikio moja, mimi moja. Hakuna kelele hata chembe! Dada anasema studio wamefunga kiyoyozi kikubwa kuliko chumba, anatangaza meno yanagongana, wenzake wanaingia na mablanketi. Mama akaanza kuhuzunika, mtoto wangu anaganda huko. Baada ya dakika kumi bando likakata, akabaki ameshika hedifoni kama mtu aliyekatiwa simu.

Kwa hiyo kule wanarusha vizuri. Ubaya uko hewani, kati ya kilima na sisi. Njia ya tatu, programu ya simu, inakula bando hilo hilo. Ya nne, spika za bwalo, labda tuhamie chuoni.

Jumapili, 23 Machi

Mvua kutwa.

Jumanne, 25 Machi

Kelele. Mama kasema basi, zima, tutamsikia akirudi. Nikasema na asiporudi? Akaizima mwenyewe.

Alhamisi, 27 Machi

Baba kaacha sare za shule za watu mezani, anashona koti. La kike, zito, kitambaa cha sufu, na bitana ndani. Mvua ni mvua lakini huku kwetu hakuna anayevaa koti kama lile. Nikamuuliza la nani. Akasema, "La mtu anayefanya kazi kwenye baridi."

Nikawaza mwanamke gani anafanya kazi kwenye baridi. Labda wale wa bucha kubwa, wenye chumba cha barafu. Nikamwambia mwenye bucha angetaka rangi ya damu, isionyeshe. Baba akanitazama muda mrefu. Akasema, "Profesa, kanichotee maji."

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda chuoni. Nimevuka bonde kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

Kwanza nimeonana na fundi mitambo wao, mtu mpole. Nikamweleza kila kitu mara moja, waya, Cheche, mafuta ya samaki. Akanionyesha redio yake dirishani, haina tatizo. Akaniuliza, vipindi vingine mnavipata? Nikasema vyote, mpaka cha mapishi. Ni cha dada tu. Akakuna kichwa, akaniambia basi binti, tatizo halipo huku, kuna kitu kwenu kinachowashwa saa hiyo.

Kinachowashwa. Saa hiyo. Maana yake kuna mtu.

Halafu nikamwona dada. Kakonda kidogo au ni nywele. Tulikaa nje ya studio kwenye benchi, akatoka kwenye ile baridi yake akawa anaotea jua kama mjusi. Muhula unakwisha tarehe ishirini na mbili, kipindi chake cha mwisho ni siku hiyo. Nikamwambia baada ya hapo unarudi nyumbani, si ndiyo? Akasema rafiki yake kamwalika kwao likizo nzima. Nikamwambia acha utoto. Akasema si utoto.

"Mdogo wangu, mimi naongea na watu nisiowajua kila wiki, wananipigia simu, wananiambia endelea. Baba hajanisikiliza hata mara moja. Siku akinisikiliza hata dakika tano, hata kwa hasira, niambie. Siendi kwa rafiki, narudi nyumbani."

Nikasema sawa. Kwani kuna ugumu gani, nasafisha kelele, namfungulia Baba redio kwa ujanja, kwisha. Nimerudi nakimbia.

Ijumaa, 4 Aprili

Kelele. Zimeanza na dada, zimekwisha na dada. Huyo mtu anakijua kipindi vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijalala vizuri. Nani anamchukia dada kiasi hicho, tena kwa ratiba?

Jumanne, 8 Aprili

Huyo mtu nimemjua.

Leo sikukaa na redio, nilikaa uani nikiangalia. Saa kumi na moja kasoro Baba kafunga mlango wa chumba cha kushonea. Baba! Mtu ambaye hafungi mlango mwanga ukiwepo, anayesema mwanga wa jua ndio msaidizi asiyelipwa. Kafunga na komeo. Mvua ilikuwa inapiga bati, sikusikia ndani kuna nini, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Cherehani ya Baba ina mota ya umeme. Mota kuukuu namna ile inatupa uchafu hewani, kila fundi redio anajua. Saa kumi na mbili kafungua mlango, kanyoosha mgongo, kaendelea na sare za watoto.

Tulipokaa kula nikashindwa kunyamaza. Nikasema Baba, ulisema sauti yake usiisikie, sawa, umesema wewe mwenye nyumba. Lakini Mama je? Kwa nini unawasha mashine kumfunika asisikike hata kwa mama yake?

Mama akasema, "Wewe."

Nikasema hapana, aseme. Kila Jumanne, kila Ijumaa. Mama anabandika sikio kwenye redio kama mgonjwa, na wewe umejifungia unamzima mtoto wako.

Nilitegemea anifokee. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa nguo aliyoshona imempasukia mteja njiani. Akaniuliza swali moja tu, taratibu. "Kwa hiyo mama yako hasikii kabisa?"

Nikasema hasikii.

Akanawa mikono. Chakula kilikuwa hakijafika nusu. Akaenda kukaa mbele gizani.

Mama hajaniongelesha tangu hapo. Sijui kama nimeshinda.

Ijumaa, 11 Aprili

HAKUNA KELELE. Saa nzima! Sauti ya dada kama maji ya mtungini. Mama kacheka mpaka kashika ubavu, dada alikuwa anamwigiza mwalimu mmoja anayelala huku amesimama. Kwa hiyo ni kweli alikuwa Baba. Nimembana akaacha.

Mbona sasa sina raha? Mama alipomaliza kucheka akasema, "Baba yako leo hakushona kitu. Amekaa tu mlangoni anatazama mvua."

Mlango ulikuwa wazi.

Jumanne, 15 Aprili

Safi tena. Dada amesema Ijumaa atamzungumzia mtu aliyemfundisha kuongea. Mama akatoka jikoni akaenda mpaka mbele, nikamsikia anamwambia Baba vile vile alivyosema dada, neno kwa neno, kama anamtajia bei ya unga. Baba kasema "mm".

Nimejaribu kumwomba Baba aje asikilize Ijumaa. Nilifika mpaka kizingitini. Alikuwa anatia bitana kwenye lile koti, sindano ya mkono, mishono midogo kama mchanga. Nikaomba mkasi. Nikaondoka bila mkasi.

Ijumaa, 18 Aprili

Ngoja niandike polepole.

Umeme ulikatika saa nane, mtaa mzima. Mvua ya mawe. Cheche kafunga. Saa kumi na moja mimi na Mama jikoni, redio yangu ni ya betri. Kijana wa njia nne kamaliza. Dada kasema jioni njema.

Shshshshsh.

Mama akaweka mkono mdomoni. Mimi nikasimama kama nimepigwa. Umeme hakuna! Mota ya Baba haiwezi kuzunguka, mashine ya Cheche haiwezi, mtaa mzima hakuna kitu kinachoweza kuwaka. Sasa hii ni nini? Nilimtuhumu mzazi wangu kwa kitu gani?

Nikachukua redio, nikaifunga antena yote ndani ili iwe kiziwi, nikaanza kutembea nayo. Hiyo niliiona kwenye video: ukiwa na redio kiziwi, kelele zikikua ujue unazisogelea. Uani, ndogo. Kwenye mti wa kuanikia nguo, hamna. Nikarudi ndani. Koridoni, zikakua. Kwenye mlango wa chumba cha Baba zilikuwa zinanguruma mpaka dada hasikiki kabisa.

Nikasukuma. Hakutia komeo.

Cherehani imefunikwa kitambaa chake. Baba amesimama katikati ya chumba, wima, mikono imeachana na mwili kidogo, kama mteja anayepimwa. Shingoni kaning'iniza mfuko wa kitambaa alioushona vizuri, una kifungo. Ndani ya mfuko, mkebe wangu wa biskuti. Ile redio niliyoitupa. Kapachika kipande cha sponji kwenye spika kaiegemeza sikioni, na kidole kimoja kakiweka juu ya waya, hakitikisiki, mkono wa fundi.

"Usisogee," akasema. "Ukisogea anapotea."

Nikaganda pale pale. Nikazima redio yangu, maana ilikuwa inapiga kelele tu. Na mara nikamsikia dada ndani ya mkebe, mdogo kama siafu, anasema: kulikuwa na meza ya kukatia nguo, mimi nilikuwa nakaa chini yake, nasikiliza baba yangu anavyoongea na wateja. Alikuwa anamwambia mtu mnene kwamba amenenepa, na yule mtu anaondoka anacheka, na suruali inamtosha. Sijawahi kukaa darasa zuri kuliko lile.

Kidole cha Baba hakikutoka kwenye waya. Macho yalikuwa kwenye ile suti ya mkono mmoja.

Muziki ulipoanza akakaa. Mimi nilikuwa naongea zamani, naongea haraka, sijui hata nilianzaje. Nikamwambia Baba, redio ya transista moja ina tabia mbaya, ikisikiliza na yenyewe inapiga kelele, hapo hapo inaposikiliza, nilishawahi kulisoma hilo nikalipita kwa sababu wakati ule nilikuwa na redio moja tu. Ukiwasha yako sisi hatumsikii. Si mota. Ni wewe unasikiliza.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Nguo ikimbana mtu bega la kulia, nalegeza la kushoto. Uliposema mama yako hasikii, nikazima mkebe. Mkasikia. Basi nikajua." Akafungua kifungo cha mfuko, akakifunga tena. "Siku mbili nimekaa bila. Leo nimeshindwa. Kasema ni mtu aliyemfundisha kuongea, nikataka kujua ni nani."

Tangu tarehe saba Machi. Kila kipindi. Aliuona mkebe kwenye kapu, akauwasha kwa kucheza tu, akakuta ameshika waya na binti yake yumo. Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini asije jikoni akae nasi. Akasema alishatamka, humu ndani, mbele ya watu wote. Kisha akaangalia mlango wa barabarani. "Hapa si ndani. Hapa ni kazini."

Ndipo nikaliona koti. Kazi kwenye baridi, studio ya dada. Nikataka kujipiga kofi, nilimpa mwenye bucha!

Mama alikuwa mlangoni nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Akasema, "Wazee wawili wa nyumba hii, mmoja kabandika sikio jikoni, mwingine kasimama kama mti wa uzio. Na mtoto mmoja tu wa kusikiliza."

Nimeomba radhi. Baba kasema nikamchotee maji.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemtumia dada meseji ndefu mpaka simu imeikata vipande vinne. Nimemwambia yote, mkebe, kidole, siku mbili. Hajajibu. Siku nzima naangalia simu. Labda haamini. Hata mimi nikiisoma hiyo meseji inaonekana ya uongo.

Jumatatu, 21 Aprili

Hajajibu.

Jumanne, 22 Aprili

Kipindi cha mwisho. Saa kumi na nusu nikachukua redio yangu nzuri nikaipeleka mbele, nikaiweka juu ya meza ya kukatia. Sikumwomba mtu ruhusa. Mama akaja na kigoda chake. Baba akautoa mkebe shingoni, akauzima, akauweka kando ya mkasi. Mlango wazi, mvua ndogo. Cheche akapita, akaona, akaegemea nguzo bila kutania, mara ya kwanza tangu nimjue.

Leo kijana wa njia nne hakuwepo. Kazitaja dada mwenyewe: kwenye redio tisini na moja nukta tatu, mtandaoni, kwenye programu ya simu, kwenye spika za bwalo. Halafu akanyamaza. Ukimya redioni ni mrefu sana jamani, nilidhani betri zimekufa. Akasema, "Na kuna njia ya tano, nimeijua wiki hii. Kama nyumbani mna redio mbili, zimeni moja, mkae pamoja."

Mama akanishika goti akalibana mpaka likauma.

Baba alisikiliza saa nzima, ameinamisha kichwa, chaki mkononi. Mwishoni vumbi lote la chaki lilikuwa kwenye suruali yake. Muziki wa mwisho ulipokwisha akasimama, akalitungua koti kutoka kwenye hanga, akalikung'uta ingawa halina vumbi.

"Mwambie aje kujaribu mikono," akaniambia. "Siwezi kufunga bitana bila mikono yake."

Alhamisi, 24 Aprili

Dada kaja mchana, kalowa chapachapa. Kapita mlango wa mbele. Lakini kasimama pale kizingitini, mguu mmoja kwenye matope, haingii. Tukatazamana wote. Ile "humu ndani" bado ilikuwa imekaa katikati ya chumba kama kabati.

Baba alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kusema. Akamwashiria kwa kidevu, njoo. Dada akaingia. Baba akamvisha koti juu ya nguo mbichi, akamwinua mikono, akapachika pini hapa, akapachika pale. Mkono wa kulia umezidi kidogo. Akazunguka nyuma, akavuta bega. Dada kimya, mimi kimya, hata Mama kimya. Mvua peke yake.

Baba akasema kitu, na zile pini, hakuna aliyeelewa. Akazitoa moja moja, akazipanga mezani kando ya mkebe.

"Nimesema mbona huongei," akasema. "Ongea. Nasikiliza."

Na dada, huyu anayesikilizwa na vijana wote wa kilima kile, akafungua mdomo, akaufunga, akakosa neno.